Asali Mbichi kwa Wapagazi wa Tangi la Tatu

Nimerudisha funguo tatu, koti jeupe moja lenye doa la aidini, na kikombe cha bati. Kikombe hicho hakikuwa mali ya ofisi. Aliniundia marehemu baba yangu, fundi bati wa mtaa wa Chemchem hapa Tabora, wiki niliyopata kazi, nacho kilikaa mezani kwangu maabara muda mrefu hata mtunza stoo akakiandika kwenye orodha ya vifaa. Kesho yake nikarudi kukidai. Tulibishana robo saa nzima na kijana wa watu, mpaka nilipompindulia kitako cha kikombe akaona jina langu, Zuhura, limegongwa kwa msumari. Hapo ndipo nilipoamini kwamba kweli nimestaafu.

Nyinyi vijana wa maabara mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Haya, naandika. Anayetafuta habari za kupanda vyeo asisumbuke kusoma, kwa sababu vyeo vyenyewe vilikuwa vichache na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kitu. Nitawaeleza habari ya waya, ya wapagazi, na ya kosa langu moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso kwa mtandio.

Aliyenipokea siku ya kwanza alikuwa Mzee Ndimila, fundi sanifu mkuu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Kabla ya maabara alikuwa akifanya kazi za shamba kule Kipalapala, na alikuwa akiwazungumzia bakteria kama mtu anavyozungumzia kuku wake. Alinipa kifaa cha kwanza: waya mwembamba wenye kitanzi kidogo mwishoni. Unauunguza kwenye moto mpaka uwe mwekundu ili usibebe kimelea cha kigeni, kisha unachota bakteria kwenye sahani moja na kuwahamishia nyingine. Nikaunguza, nikachota, chsss! Nikahamisha. Sahani kumi na mbili, kwa mwendo wa haraka, nikijiona hodari. Siku tatu baadaye sahani zote kumi na mbili zilikuwa tupu kabisa.

Mzee Ndimila akaziangalia moja moja. Mwisho akasema, "Zuhura binti yangu, mimi nilikwambia uwahamishe. Sikukwambia uwakaange."

"Nifanyeje, mzee?"

"Ukitoa waya motoni, hesabu hadi kumi. Kwa Kinyamwezi. Ukihesabu kwa Kiswahili utakimbia."

Nilikuwa mtoto wa mjini, Kinyamwezi nilikisikia kwa bibi tu, ikabidi nijifunze kuhesabu upya ukubwani. Mzee alistaafu, baadaye akafariki, Mungu amrehemu, nami hadi wiki iliyopita nilikuwa bado nahesabu kwa Kinyamwezi mbele ya moto. Wengi wenu mlidhani nasoma dua.

Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa kuwawinda bakteria wabaya. Maji ya visima, maji ya mabomba, maziwa, wakati mwingine juisi za barabarani zilizomwangusha mtu mkubwa. Nilikwenda vijijini Nzega na Igunga nikiwa na kisanduku cha barafu mapajani. Nilizoea kuamini kwamba bakteria nikimwona, dawa yake ni kumuua. Kisha akaja Dokta Kulwa na kunivurugia imani yangu yote.

Alikuja akiwa na mkoba mmoja na friji moja, na friji aliipenda kuliko mkoba. Alikuwa bosi wangu lakini umri wake ni wa mwanangu wa pili, kwa hiyo kila asubuhi aliniamkia shikamoo kwanza ndipo anipe maagizo. Siku moja aliniita akiwa na vichupa viwili. Vyote vilikuwa na maji meupe yaliyotiwa sumu kidogo, ile ya kunyunyizia pamba ambayo zamani ilitumika sana huku kwetu kabla haijapigwa marufuku.

"Mama Zuhura," akasema, "udongoni yupo bakteria mmoja anayejua kuikata sumu hii vipande viwili. Tatizo lake anazaa polepole na ni msumbufu kumlea. Yupo mwingine anazaa haraka sana lakini kuhusu sumu hajui lolote. Nimechukua kinasaba cha yule wa kwanza nikakipandikiza kwa huyu wa pili."

"Yaani umemfundisha kazi."

"Zaidi ya kumfundisha, mama. Nimemwekea maelekezo ya kazi mwilini. Hata wanawe wanazaliwa nayo."

Akadondosha bakteria wake kwenye kichupa kimoja. Tukakaa. Mimi nilikuwa na vyupa vya kuosha na sikuwa na subira ya kutazama maji. Kabla sijainuka, maji yakaanza kubadilika. Njano! Kwanza kidogo kama chai ya mchaichai, kisha njano ya kweli, inayozidi kukolea mbele ya macho yangu. Kichupa cha pili kilibaki vilevile.

"Hiyo njano ni nini?"

"Ni kipande cha sumu iliyokatwa. Hakina rangi kikiwa kimeungana na mwenzake. Kikitengana, kinaonekana."

Jamani! Nilipiga kigelegele ndani ya maabara, mtu mzima mimi, mpaka mhasibu akaja mbio akidhani kuna mtu amejifungua. Nilikuwa nimeishi na viumbe hawa miaka yote hiyo nikiwachoma na kuwamwagia dawa, kumbe wanaweza kutumwa kazi! Siku hiyo sikuosha chupa hata moja. Nilimfanya Dokta arudie jaribio mara tatu, kila mara nikishangilia kama mara ya kwanza.

Njano yenyewe nayo haikuwa salama, ila ilikuwa na nafuu kuliko sumu. Kwa hiyo Dokta akaandaa kikosi cha pili, bakteria wengine ambao kazi yao ni kuila hiyo njano mpaka maji yarudi meupe. Mimi ndiye niliyewapa jina. Mababu wa bibi yangu walikuwa wapagazi, walibeba mizigo kutoka Tabora hii hadi pwani, mmoja akichoka anampokeza mwenzake mzigo na safari inaendelea. Nikamwambia Dokta hawa wako nao ni wapagazi. Jina likashika, hata kwenye vibandiko vya friji tuliandika Wapagazi Kwanza na Wapagazi Pili.

Sasa kisima. Kijiji sitakitaja, watu wake wameshachoka kutajwa. Kiko upande wa Nzega, kwenye lile tawi la njia ya misafara lililoelekea ziwani, na kisima chao kilichimbwa enzi hizo ili misafara ipate maji. Kimejengwa kwa mawe kuzunguka ndani, hakijawahi kukauka. Bahati mbaya, miaka ya pamba, mtu fulani mwenye akili zake alijenga ghala la sumu hatua chache kutoka hapo. Pamba ikapungua, wenye ghala wakatawanyika, mapipa yakabaki yanaoza. Paa likaanguka, mvua ikanyesha, sumu ikashuka chini taratibu bila mtu kujua.

Aliyejua wa kwanza alikuwa Bi Nyanzala, mama mjane anayepika wanzuki, pombe ya asali, nyumba yake ikitazamana na kisima. Mbuzi wake wawili walikunywa maji yaliyomwagika, wakaanza kutoa mapovu na kutetemeka, wakafa. Alizuia watu kuchota kabla hata sisi hatujafika. Vipimo vyetu vilithibitisha, kisima kikafungwa kwa mfuniko wa chuma na kufuli. Kuanzia hapo akina mama wakawa wanatembea asubuhi nzima kwenda kuchota bwawani, maji wanayogombania na ng'ombe. Familia kadhaa zikahama.

Tulipokwenda na mpango wetu tulimkuta Bi Nyanzala amekaa juu ya ule mfuniko, anachambua maharage. Nikamwamkia, "Mwangaluka, dada." Akanijibu, kisha akamwacha Dokta aeleze kila kitu: sumu na udongo wake vitazolewa ghalani, maji yatavutwa kwa pampu ya jua, yataingia kwenye matangi matatu yaliyofungwa. La kwanza la kutuliza tope, la pili la Wapagazi Kwanza, la tatu la Wapagazi Pili. Kisha mchanga, kisha klorini, ndipo yarudi kisimani.

"Hao wadudu wenu wakitoroka?" akauliza.

Swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia mikutanoni. Dokta akamweleza kwamba amewatengeneza wasiweze kuishi bila kirutubisho kimoja ambacho tunawapa wenyewe na udongoni hakipo. Wakitoka nje ya tangi wanakufa. Hiyo nayo ndiyo iliyotupatia kibali.

Bi Nyanzala akanigeukia mimi. "Wewe mama wa mjini, maji ya humu yana ladha ya mawe. Nimeyanywa tangu nilipoletwa hapa nikiwa mwali. Siku mtakaposema yamepona, wewe utakunywa wa kwanza, mimi nikikutazama."

"Nitakunywa," nikasema.

"Sema jina lako."

"Mimi Zuhura binti Juma nitakunywa."

Akainuka juu ya mfuniko, akatupisha. Wakubwa wa maji nao walikuwa na sharti lao: vipimo vitatu mfululizo viwe safi kabla msimu wa mvua haujaisha, la sivyo kisima kinajazwa zege. Na zege likishaingia, kitongoji chote kingeondoka.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya furaha tupu. Niliunga mabomba mwenyewe kwa koleo la baba, na kwenye tangi la pili na la tatu tuliweka vidirisha vya kioo ili tuone rangi. Watoto wa shule walijazana kila jioni. Maji yanaingia tangi la pili meupe, yanageuka njano, wanashangilia. Yanaingia la tatu njano, yanatoka meupe, wanashangilia zaidi! Kipimo cha kwanza kikaja safi. Cha pili kikaja safi. Nilikuwa nikirudi Tabora naimba kwenye gari mpaka dereva wetu ananiomba nimpumzishe.

Kisha chakula cha wapagazi kikaisha. Tulikuwa tunawalisha molasi, yale masalio meusi ya miwa, na lori la molasi likakwama njiani baada ya mvua kukata barabara. Sukari ya dukani nayo ilikuwa imeadimika, Ramadhani iko karibu, kila mtu ameficha yake. Dokta alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Nikajiambia, Zuhura, huku ni Tabora, unalilia sukari ya nini na umezungukwa na asali? Nikanunua dumu la asali bora kabisa, mbichi, imechujwa bila moto, ile inayosafirishwa nje. Niliona fahari! Nikaichanganya na maji, nikaimimina matangi yote mawili, nikawaambia wapagazi, "Kuleni, leo mmepata karamu."

Siku ya tatu maji ya tangi la tatu hayakuwa meupe. Yalitoka njano. Siku ya nne njano zaidi. Watoto walikuja, wakatazama dirisha, hawakushangilia. Nilichukua tone nikaliweka chini ya darubini: Wapagazi Pili walikuwa wamekufa karibu wote. Wa tangi la pili nao walikuwa taabani, ila kimeng'enya chao, ile kemikali ya mwilini mwao ya kukatia sumu, kiliendelea kufanya kazi hata baada yao, ndiyo maana njano ilizidi kuja na hapakuwa na wa kuila. Kipimo cha tatu kilikuwa kimebakiza majuma matatu.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia. Nasema wazi, nililia. Nilimwona Mzee Ndimila kichwani na sahani zake kumi na mbili.

Bi Nyanzala alivuka barabara na kusimama mbele yangu. "Umewapa nini?"

"Asali."

"Ya wapi?"

"Ya Sikonge. Nzuri sana."

"Umeichemsha?"

Nikamtazama. "Asali nzuri haichemshwi, dada. Hata wateja wa nje wanakataa."

Alicheka, akacheka, akashika kiuno. "Ya kula haichemshwi! Ya kuchachusha ni lazima. Asali mbichi ukishaitia maji inakuwa kali, chachu inakufa au inalala siku nyingi. Sisi tunachemsha, tunaacha ipoe kabisa, ndipo tunatia chachu. Mama yangu alinipiga mwiko kwa kosa hilihili. Nilikuwa na miaka tisa!"

Baadaye Dokta alinifafanulia kwamba asali mbichi ina kimeng'enya cha nyuki ambacho kikikutana na maji kinatengeneza dawa ileile tunayosafishia vidonda. Kwa hiyo nilikuwa nimewamwagia wapagazi wangu dawa ya vidonda, kwa mkono wangu, tena ya bei mbaya. Moto unakiua hicho kimeng'enya, na sukari inabaki. Fundi wa maabara mwenye miaka yangu yote alikuwa hajui, na mama mpika pombe alijua tangu utotoni.

Mimi ni binti wa Chemchem, baba yangu aliadhini msikitini miaka mingi, na sijawahi kuonja wanzuki. Lakini alasiri ile niliingia kilabuni kwa Bi Nyanzala mbele ya wateja wake wote, nikafunga mtandio vizuri, nikachutama kando ya sufuria lake kujifunza. Aliuchemsha ule mchanganyiko wangu, akauepua. Nikataka kuubeba.

"Subiri upoe."

Nikaanza kuhesabu kwa Kinyamwezi. Akanisikia, akahesabu pamoja nami. Tulifika kumi mara nyingi sana kabla sufuria halijapoa.

Tulirudi Tabora siku hiyohiyo na nikaandaa kikosi kipya kutoka kwenye friji. Dokta aliporudi safarini nilimweleza kabla hajaweka mkoba chini. Akasema, "Mama, andika kwenye daftari la kazi. Lote. Na jina la Bi Nyanzala uliandike." Nikaandika, lipo, kasomeni. Tukawarudisha wapagazi tangini, tukawalisha asali iliyochemshwa. Siku ya kwanza njano. Ya pili njano. Asubuhi ya nne watoto walikimbia barabara nzima kuja kunipokea wakipiga kelele "Meupe! Meupe!", na mimi nikashuka garini nikakimbia nao, na magoti yangu haya.

Kipimo cha tatu kikaja safi. Yalikuwa yamebaki majuma machache tu nistaafu.

Siku ya kufungua kisima iliangukia ndani ya Ramadhani. Tulifika saa nane mchana. Kitongoji chote kilikuwa pale, hata waliohama walirudi, akina mama wamepanga ndoo mstari mrefu. Bi Nyanzala alikuwa na ufunguo wa kufuli mkononi. Alifungua, akateremsha ndoo, akaivuta, akaniangalia. Nami ndipo nikakumbuka.

"Dada, nimefunga."

Watu wakaguna. Dokta akasema, "Nitakunywa mimi." Bi Nyanzala akakataa, "Aliyeahidi ni huyu." Dereva wetu, naye ni Muislamu, akaninong'oneza kwamba mimi ni msafiri, nina ruhusa ya kula. Nilijua ninayo. Lakini machoni pa kitongoji kile aliyefunga na aliyeahidi ni mtu mmoja, na sikutaka kuvunja saumu ili nitimize ahadi.

Nikasema, "Jua likizama nitakunywa. Wanaotaka kuchota wachote."

"Hachoti mtu," akasema Bi Nyanzala. Akafunika ndoo kwa kanga yake na kukaa juu ya ukingo wa mawe. "Nimengoja kisima hiki viangazi vitatu. Nitashindwa kungoja jua?"

Basi tukangoja, wote. Akina mama wakakaa juu ya ndoo zao wakisukana nywele. Mtu akaleta karanga akakumbuka akazificha, nikamwambia azile tu. Bi Nyanzala hakula kitu wala kunywa alasiri nzima, na hakuna aliyemwomba hivyo. Jua lilipogusa miti ya miombo nilitoa kikombe changu cha bati mkobani. Dereva akatazama saa, akaadhini palepale kando ya matangi.

Bi Nyanzala akafunua ndoo, akachota, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Nikasema bismillahi nikanywa. Hakuniuliza kama ni salama, wala vipimo vilisemaje. Aliniinamia karibu kabisa, macho yake kwenye mdomo wangu.

"Mawe yapo?"

"Yapo, dada."

Akaninyang'anya kikombe.